Kusoma Ughaibuni kwa Muda: Uende Ukiwa Sekondari, Chuoni au Ukiwa Kazini?

Kila msimu fomu zikianza kusambaa kwenye makundi ya WhatsApp, swali ninaloulizwa ni lile lile: "Mwalimu, ipi ni nzuri?" Mzazi anaulizia binti yake wa kidato cha tatu. Mwanachuo wa mwaka wa pili anajiulizia mwenyewe. Mwalimu mwenzangu aliyeajiriwa miaka mitatu iliyopita ananivuta pembeni, maana hataki mkuu wa shule asikie. Wote watatu wanatamani jambo moja: kwenda kuishi na kusoma kwa watu kwa muda, kisha kurudi nyumbani. Lakini kila mmoja anaacha kitu tofauti nyuma yake, na kwa niliyoyaona, hapo ndipo penye uamuzi wenyewe. Nawafahamu vijana waliofaulu usaili, wakaishi vizuri kule, halafu wakakwama wiki ya kwanza baada ya kurudi.

Kwa hiyo hapa silinganishi nchi na nchi. Nalinganisha nyakati tatu za kuondoka, na kwa kila moja nimechukua programu moja inayojulikana ili tuzungumze kwa mifano.

Njia ya kwanza ni ya mwanafunzi wa sekondari: YES, kwa jina kamili Kennedy-Lugar Youth Exchange and Study. Ilianzishwa na Marekani mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, kwa ajili ya vijana wa nchi zenye Waislamu wengi, na Kenya na Tanzania zimo katika nchi zilizoshiriki. Kijana wa miaka 15 hadi 17 hukaa mwaka mmoja wa shule katika familia ya Kimarekani na kusoma shule ya pale mtaani.

Njia ya pili ni ya mwanachuo: Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya. Mzizi wake ni wa mwaka 1987, na awamu ya sasa inaishia 2027. Mwanafunzi wa chuo chetu hukaa katika chuo cha Ulaya kwa miezi 2 hadi 12, mara nyingi muhula mmoja, huku akibaki mwanafunzi wa chuo chake.

Njia ya tatu ni ya aliyekwisha kuajiriwa: FLTA, programu ya walimu wasaidizi wa lugha iliyo chini ya Fulbright, mpango wa ufadhili wa serikali ya Marekani. Kijana wa miaka 21 hadi 29 mwenye shahada huenda kufundisha lugha yake katika chuo cha Marekani kwa miezi tisa hivi na kusoma masomo kadhaa hapo hapo. Kiswahili ni miongoni mwa lugha hizo. Njia hii ndiyo inayomlazimisha mtu kuzungumza na mwajiri kuhusu likizo.

Nitazipima kwa mambo manne: fedha, kiti unachokiacha nyumbani, maisha ya kule, na viza pamoja na marejeo. La pili nitalikalia zaidi, kwa sababu ndilo watu wanalolikumbuka wakiwa wameshachelewa.

Fedha

YES hulipia nauli ya ndege, bima ya afya na posho ndogo ya kila mwezi. Malazi na chakula hutoka kwa familia mwenyeji, na familia hiyo hailipwi, inajitolea. Kuomba ni bure kabisa. Anayekudai "hela ya fomu" au "hela ya kuharakisha" ni tapeli, hata awe na nembo na muhuri. Mzazi ajiandae kwa pasipoti, nauli za kwenda kwenye usaili na vitu vidogo vidogo. Usiichanganye YES na Rotary Youth Exchange, ambayo ni ya vijana wa miaka 15 hadi 19. Ile ya Rotary ni nzuri, na klabu za Rotary za kule hutoa malazi na shule, lakini nauli, bima na fedha za mfukoni hutoka kwa mzazi. Nimeona familia ikigundua tofauti hiyo baada ya mtoto kuchaguliwa, na machozi yaliyofuata hayakuwa ya lazima.

Kwa Erasmus+ chuo cha Ulaya hakikutozi ada. Ada ya chuo chako cha nyumbani inaendelea kama kawaida. Posho ya kujikimu ni kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi, kulingana na ughali wa nchi, na kuna fungu la nauli linalokadiriwa kwa umbali. Fedha hizo humtosha mtu aliyepangiwa mji mdogo wa Poland. Akiwa Paris au Dublin, kodi ya chumba peke yake inaweza kumeza zaidi ya nusu. Tatizo kubwa zaidi ni wiki za mwanzo: mara nyingi posho ya kwanza huingia ukiwa umeshafika na umefungua akaunti, na mwenye nyumba anataka dhamana leo. Bila akiba, au ndugu wa kukukopesha kwa mwezi mmoja, utaanza vibaya. Kama unasomeshwa kwa mkopo, uliza bodi ya mikopo kwa barua kama fedha zako zitaendelea kutoka wakati haupo chuoni.

FLTA nayo hulipia safari, bima, malazi na posho. Kwa mtu asiye na familia ni nafuu kabisa. Gharama yake iko nyumbani: mshahara. Ukiwa kwenye likizo bila malipo mshahara unasimama, lakini karo ya mdogo wako haisimami, wala deni la SACCOS. Posho imepigiwa hesabu ya mtu mmoja, na programu haigharimii mwenzi wala watoto. Kuna na jambo linalosahaulika: mfanyakazi wa Tanzania anayerejesha mkopo wa HESLB, yaani bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Mshahara ukisimama makato nayo yanasimama, deni linabaki pale pale. Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii pia inakatika, isipokuwa mmekubaliana vingine.

Kiti unachokiacha

Tuanze na mtoto wa sekondari. Chukua kalenda mbili uziweke mezani. Mwaka wa shule wa Marekani huanza Agosti na kuisha Mei au Juni. Wa Kenya na wa Tanzania, hadi kidato cha nne, huanza Januari. Mtoto anayeondoka Agosti akiwa kidato cha tatu anaacha mwaka huo nusu. Anaporudi Juni, wenzake wako katikati ya kidato cha nne na wamebakiza miezi mitano kabla ya mtihani wa taifa. Amekosa nusu ya mwaka mmoja na nusu ya mwingine. Alichosoma kule, hata kama alipata alama A kwenye kila somo, hakimwandikishi mtihani wa NECTA wa Tanzania wala KCSE wa Kenya. Kwa hiyo walio wengi hurudia darasa, na mimi huwashauri wazazi walihesabu hilo kuanzia mwanzo kama gharama ya kawaida ya safari, wasilione kama aibu. Wanaojaribu kuunganisha bila kurudia huishia kusoma usiku na mchana, na wengine huharibu cheti ambacho kingewabeba miaka mingi.

Kwa Tanzania kuna mwanya mmoja ambao kalenda yenyewe inauonyesha. Kidato cha nne humaliza mtihani Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Anayeondoka Agosti baada ya kumaliza kidato cha nne na kurudi Juni anakuwa amepoteza mwaka mmoja safi, bila kukata chochote katikati. Ila mambo mawili lazima yathibitishwe: kama masharti ya umri na darasa ya mwaka huo yanamruhusu, na kama nafasi yake ya kidato cha tano itahifadhiwa. La pili lisiachiwe matumaini. Mzazi aende kuuliza kabla na arudi na jibu la maandishi. Kenya nako mfumo unabadilika. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari ya juu Januari 2026, na katika mtaala huo tathmini zinazofanywa shuleni zina uzito. Mwalimu mkuu aulizwe tathmini za mwaka ambao mtoto hayupo zitahesabiwaje.

Mwanachuo ana kinga bora kuliko wote, akiitumia. Erasmus+ ina mkataba wa masomo unaosainiwa na pande tatu: mwanafunzi, chuo chake na chuo kinachompokea. Mkataba huo unataja kozi utakazosoma kule na zile zitakazohesabiwa kwako nyumbani. Ukisainiwa vizuri kabla ya kuondoka, muhula wako haupotei. Kasoro ni kwamba wengi huuchukua kama karatasi ya viza tu, wanasaini haraka, kisha wanafika kule na kukuta nusu ya kozi hazifundishwi muhula huo. Wanabadilisha kozi bila kumwarifu mkuu wa idara, na wakirudi idara inasema haizitambui. Kozi zikibadilika, mkataba ubadilishwe kwa maandishi wiki hiyo hiyo.

Usitishwe pia na hesabu za krediti. Muhula mzima wa Ulaya ni krediti 30, na kwa macho ya mwanafunzi wetu unaonekana mdogo mno. Krediti moja ya kule ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, wakati kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10. Mwenye dawati la udahili analijua hilo, lakini mhadhiri wako huenda halijui, basi mweleze. Na elewa kwamba huwezi kujiombea peke yako: lazima chuo chako kiwe na makubaliano na chuo cha Ulaya. Anza kwa kugonga mlango wa ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako.

Sasa mwajiriwa. Huwa nawaona watu wakianza na hesabu ya likizo ya mwaka, wakidhani wanaweza kulimbikiza siku. Hesabu haifiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa angalau siku 28 mfululizo kwa mwaka. Miezi tisa ni kama siku 270, na kwa mwendo huo ungehitaji karibu miaka kumi ya kutopumzika, jambo ambalo sheria yenyewe haikuruhusu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa siku 21 za kazi. Mkikubaliana likizo hiyo inaweza kugawanywa, lakini wiki mbili lazima zichukuliwe kwa mkupuo ndani ya mwaka, na salio lisivuke miezi 18 baadaye. Siku hizo, zikiunganishwa na ruhusa kidogo, zinatosha programu fupi kama Mandela Washington Fellowship, programu ya Marekani kwa viongozi vijana wa Afrika, ambayo tangu ianze mwaka 2014 imekuwa ya wiki sita hivi. Mwaka wa masomo hazitoshi.

Kinachobaki ni ruhusa ya masomo au likizo bila malipo. Katika sheria ya ajira ya Tanzania utakuta likizo ya mwaka, ya uzazi, ya ugonjwa, na siku chache za msiba au za kuuguza mtoto. Likizo ya masomo haimo. Maana yake ni kwamba kwa aliye sekta binafsi, jambo hili ni la makubaliano kati yake na mwajiri, na nguvu yake ni ile iliyoandikwa kwenye barua. Watumishi wa umma wana kanuni zao. Tanzania kuna Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, na Kenya walimu wanaongozwa na kanuni za TSC, tume inayoajiri walimu, za mwaka 2015, zinazotaja ruhusa ya masomo yenye malipo na isiyo na malipo. Hao wana njia ya kupita, ingawa ni ndefu. Waombe mapema, maana barua hupita ngazi kadhaa kabla ya kujibiwa.

Haya siyasemi kwa kusikia. Nilipokwenda kufundisha Kiswahili Marekani, mwajiri wangu wa wakati ule, shule binafsi, alinipa ruhusa ya mdomo. Tulipeana mikono, akaniombea safari njema mbele ya walimu wote. Niliporudi nafasi yangu ilikuwa na mtu mwingine, na aliyeniahidi alikuwa amehama. Sikuwa na karatasi. Nilikaa miezi mitano bila kazi, na hiyo miezi mitano ilimeza akiba yote niliyorudi nayo. Mali bila daftari huisha bila habari, na siku hizo ndipo nilipouelewa usemi huu.

Barua nzuri ya likizo bila malipo inataja tarehe ya kuondoka na ya kuripoti, cheo na kituo utakachorudia, kama miaka yako ya utumishi inaendelea kuhesabika, nani atalipa michango ya hifadhi ya jamii na bima ya afya, na nini kitatokea programu ikikatizwa ukarudi mapema. Kipengele hicho cha mwisho watu hukiruka. Usikiruke.

Maisha ya kule

Mtoto wa YES analelewa. Ana wazazi wenyeji, ana mratibu wa eneo anayewasiliana naye kila mwezi, ana saa ya kurudi nyumbani. Anaweza kuangukia mji mdogo wenye theluji miezi minne, ambako yeye ndiye Mwislamu pekee shuleni, au Mwafrika pekee. Familia nyingi hujitahidi kuhusu chakula na sala, ila mtoto lazima awe na kinywa cha kueleza anachohitaji. Mtoto anayenyamaza akiumia atateseka hata kwenye familia njema. Hilo huwa nalipima kwanza kabla ya kuuliza matokeo yake ya darasani.

Mwanachuo wa Erasmus+ anajitegemea: chumba chake, sufuria yake, foleni yake ya kibali cha ukaazi. Baadhi ya kozi hufundishwa kwa Kiingereza, lakini duka, basi na mwenye nyumba huzungumza lugha ya pale.

Mwalimu wa FLTA ni mwanafunzi na mwalimu kwa pamoja: hadi saa 20 za kufundisha kwa wiki, na angalau masomo mawili kila muhula. Hapati shahada. Anachopata ni kuiona lugha yake upya. Mwanafunzi anakuuliza kwa nini tunasema kiboko mkubwa na si kiboko kikubwa, na wewe uliyeisema lugha hii tangu utotoni unagundua hujawahi kulifikiria. Jioni hiyo unarudi kwenye vitabu vya sarufi kwa njaa ambayo chuo hakikuwahi kukupa. Mimi ufundishaji wangu wote wa leo unatoka kwenye maswali ya namna hiyo.

Viza na marejeo

YES na FLTA hutumia viza ya J-1, viza ya Marekani ya wanaokwenda kwa programu za kubadilishana. Kwa kuwa zinagharimiwa na serikali ya Marekani, zinakuja na sharti la kukaa nchini kwako miaka miwili kabla ya kuomba viza za kazi za aina fulani au ukaazi wa kudumu wa kule. Anayeota kuhamia Marekani alisome sharti hilo mara mbili. Erasmus+ hutumia viza ya nchi unayokwenda, na kinachokurudisha ni masomo yako ambayo hayajaisha.

Kwa upande wa Marekani, hali ya karibuni si tulivu. Mwaka 2025 fedha za programu za kubadilishana zilisimamishwa kwa muda, na Juni mwaka huo raia wa Burundi waliwekewa vizuizi vinavyogusa viza za wanafunzi na za J. Orodha ya nchi imekuwa ikibadilika. Kabla ya kujaza fomu au kumwambia bosi neno lolote, soma tangazo la ubalozi la wiki hiyo.

Uamuzi kwa hali yako

Kama una mtoto mwenye umri wa kufaa, anayejieleza, na familia yako inakubali kwa moyo mkunjufu kwamba atarudia darasa, YES itampa ujasiri ambao sijaona shule ikiutoa. Kama kurudia darasa kutamvunja, au ada ya mwaka wa ziada haipo, subiri chuo. Hatakuwa amechelewa.

Kama uko chuoni, chuo chako kina makubaliano, na una akiba ya mwezi mmoja au miwili, muhula wa Erasmus+ ndio unaokugharimu muda kidogo kuliko njia zote. Uende baada ya mwaka wa kwanza. Muhula wa mwisho uepuke, maana utafiti na mazoezi kwa vitendo huwa vimekubana. Kama chuo hakina makubaliano, usipoteze mwaka ukisubiri yaje.

Kama umeajiriwa, huna wategemezi wengi, na unafundisha lugha au unataka kuifundisha maisha yako yote, FLTA inalipa hata ukirudi bila shahada mpya. Mwenye watoto wadogo na mshahara mmoja nyumbani atazame kwanza programu za wiki sita, ambazo likizo yake ya mwaka ikiongezwa ruhusa kidogo inazitosha.

Na kama mwajiri amekuambia, "Nenda tu, tutaongea ukirudi," bado hujapata ruhusa. Mwandikie barua wewe, utaje tarehe, cheo na kituo, upeleke nakala mbili, na uondoke na moja yenye saini yake na muhuri wa ofisi.